Siku Tatu za Fungate Zilizobaki

Turffontein, Johannesburg
15 Julai 2016

Shangazi yangu,

Tena mume wangu hakutundika pazia tu. Hata mashuka katandika Mansour mwenyewe, pembe zimekazwa kama kitanda cha kambini! Shikamoo. Sisi wazima, sijui nyinyi huko Tanga. Shangazi, nina raha mpaka naona aibu. Leo siku ya nne ya fungate na nimeshika ulivyonifunda: sijavuka kizingiti. Joburg nimeiona kupitia kioo cha teksi tu, siku tuliyoshuka ndege. Siku saba zikitimia atanipeleka Randburg, tushikane mikono njia nzima. Ofisi yao, ile inayotuma vifaa kwa askari wetu walioko Congo, imempa ruhusa wiki nzima. Ananiita Kamanda! Barua nampa Pandu, anarudi huko na biashara zake.

Mwanao mwenye raha,
Bushra

Tanga
28 Julai 2016

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yale yale. Simu naisikia inanung'unika tu, kwa hiyo tuendelee na karatasi. Tumecheka na mama yako. Sajini mzima anatandika kitanda! Baba yako hajui hata mto unakaa upande gani. Randburg mmekwenda? Usinijibu kwa kifupi. Mimi ndiye somo yako niliyekufunda, nataka yote.

Shangazi yako,
Tumu

Turffontein
14 Agosti 2016

Shangazi,

Shikamoo. Namshukuru Mungu, mwili hauumwi. Randburg hatukwenda. Ijumaa ile Pandu hajafika hata barabarani na barua yangu, Mansour akapigiwa simu na ofisi. Alifunga begi kwa dakika ishirini, akapelekwa Congo mpaka amri nyingine. Nikamwambia, "Zimebaki siku tatu." Akacheka: "Niwekee, Kamanda. Nikirudi tunazimalizia."

Nimemwekea. Sijatoka. Murielle, msusi Mkongomani anayekaa chini, huninunulia mkate na maziwa kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Hugonga mlango: "Eish, bibi arusi, utaota uyoga humo! Njoo uote jua." Nacheka, halafu nasahau nilicheka nini.

Sina huzuni, usidhani. Mansour akipiga simu huniuliza kama nampenda. Nampenda kupita kiasi, shangazi, lakini "ndiyo" yangu hutoka kama ninataja namba ya nyumba. Napiga pasi shati lake. Likinyooka nalikunjakunja, napiga tena.

Mwanao,
Bushra

Tanga
27 Agosti 2016

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imenifanya niiache chai mezani. Kosa ni langu. Fungate ni siku saba, mume awepo asiwepo. Zako ziliisha Jumatatu ile. Nilikufunda udi, mapishi na maneno ya chumbani. Sikukufunda kwamba jeshi linaweza kumchukua bwana arusi siku ya nne.

Bibi arusi hutolewa nje na somo yake, kwa mkono. Mimi niko mbali, basi mpe mkono Murielle. Hata kama ni Mkristo, si neno. Mwambie nimempa ruhusa, akutoe.

Shangazi yako,
Tumu

Turffontein
4 Septemba 2016

Shangazi,

Shikamoo. Murielle alivaa kitenge kipya, akafunga saluni. Akanishika mkono: "Allez, twende, dunia inakungoja!" Nikafika kizingitini. Mguu ukakataa. Sikuogopa wala sikulia. Niliutazama ule mguu kama wa mtu mwingine. Alinisubiri mpaka mteja wake akapanda kumwita.

Mansour nimemwambia nimeshalizoea jiji, na kwamba maduka ya Kensington yamenipendeza. Amefurahi sana. Hilo jina nililisikia kwa Murielle.

Mwanao,
Bushra

Tanga
13 Septemba 2016

Mwanangu,

Idi imepita, hatujambo; wewe sikuulizi, nakujua. Mumeo usimdanganye tena. Akipiga, mwambie hujatoka, naye abebe sehemu yake.

Pandu ananikatia tiketi ya basi. Baba yako amenipigia kelele: "Tumu, kiziwi wewe, peke yako, mipaka yote hiyo!" Nimemwambia simsikii. Pasipoti niliyokata kwa ajili ya Hija bado haijaisha muda.

Nikifika sitakuvuta. Mguu ukikataa, tutakaa hapo hapo kizingitini, wewe upande wa ndani, mimi upande wa nje, hata siku nzima, na kesho yake tena. Mwezi huu hautaisha kabla sijabisha hodi.

Shangazi yako,
Tumu