Kebo Kwenye Njia ya Pongo

Kibabi, tarehe 9 ya mwezi wa kumi

Mudogo wangu Vestine, Mama Prince,

Nakusalimia wewe, shemeji Straton na watoto, kwa jina la Bwana anayetulinda hata sasa tukiwa kila mumoja upande wake wa milima. Je, muko salama huko Walikale? Kikohozi cha Prince kilipona? Nilisikia nyumba munayopanga inavuja, na kwamba Straton amepata kibarua cha kupasua mbao. Kama ni kweli, nashukuru Mungu. Kama si kweli, uniandikie namna munavyoishi, usinifiche. Huku kwetu tunapumua. Mvua iliozesha maharagwe ya msimu huu, lakini mihogo imesimama. Watoto wangu Edmond na Aurélie wanakusalimia sana. Aurélie amerefuka mpaka nikitaka kumugombeza ninainua kichwa.

Barua hii inaletwa na Pasta Narcisse, anayekuja huko kwa mukutano wa kanisa. Nimeifunga kwa gundi. Yeye hajui kilicho ndani, usimuulize kitu.

Kayitesi alipopita huko mwezi wa saba, ulimutuma aniulize kama miti yetu ya avoka imeanza kuzaa. Hapo njo nitaanzia, maana mengine yote yanatoka hapo. Katika ile miche arobaini tuliyopanda kwenye shamba la marehemu Papa, chini ya msitu, imebaki minne. Haijazaa. Tulisema avoka hizo zitasomesha watoto, kwa sababu maharagwe tunayakula yote. Leo ukipita pale utafikiri ni muntu aliyechomeka fimbo kwenye majani, akasahau kwa nini.

Unawajua pongo wa ule msitu, wale swala wekundu wenye madoa meupe. Wanashuka kabla jua halijatoka, wanakula ncha za miche polepole kama mama anayechuma majani ya sombe. Agronomu aliyetupa miche alituambia kwamba bila uzio unaopita urefu wa muntu, tutakuwa tumepandia wanyama chakula. Wewe, Straton na mimi tulikata mianzi siku sita, tukazungusha. Pongo akaruka. Tukaongeza matawi ya miiba juu, akapita chini. Tukapanda miti ya miyenzi kandokando, lakini miyenzi inataka miaka ili iwe ukuta, na pongo hangoji miaka. Nilitundika hata vipande vya sabuni kwenye miche, kwa kuwa muntu mumoja alisema harufu yake inawafukuza. Sabuni iliibwa, pongo akarudi.

Kisha ukaja ule mwezi watu waliposhuka kutoka vijiji vya juu wakikimbia risasi, wakajaa shuleni na kanisani. Hawakuwa na kuni. Asubuhi moja nilimukuta mama mumoja anang'oa mianzi ya uzio wetu, mutoto mugongoni. Aliniona, hakukimbia. Alisema, “Mama, unisamehe, hawa hawajakula kitu cha moto tangu juzi.” Ningefanya nini, Vestine? Nilimusaidia kung'oa. Kesho yake walikuja wengine, na upande wote wa juu ukabaki wazi. Miche kumi na nane ilikuwa bado hai wakati huo. Kila alfajiri niliona inaliwa mbele ya macho yangu. Nilipiga sufuria, nikapiga kelele. Wale pongo wakainua vichwa, wakaniangalia, wakaendelea kutafuna.

Wiki mbili baadaye ng'ombe wa jirani yetu Bisengimana, yule Gaju mwenye mimba, alikutwa pale juu ya shamba, muguu umekatwa na kebo, waya wa mutego, mpaka kwenye mufupa. Walimuchinja palepale. Ndama akatolewa tumboni, naye amekufa.

Wewe hukuwa kwenye mukutano wa shefu wa kijiji, ulibaki na Mama kwa ajili ya homa yake. Straton ni muntu wa maneno machache, sijui alikuambia nini. Acha nikuambie mimi niliyekuwa pale. Shefu aliuliza nani ametega. Vijana wa wenye ng'ombe walikuwa wamesimama upande mumoja na fimbo zao, vijana wetu upande wa pili na mapanga, kama kwamba wametoka kulima. Ndipo Gustave, yule anayebeba maziwa, akasema, “Hapa kwetu nani anajua kufunga kebo? Iko muntu mumoja tu, na alitoka Walikale.” Wote wakageuka kumuangalia shemeji. Straton akasimama, akasema aliacha kuwinda siku alipokuoa, na kama angetega angewaonya kwanza wenye ng'ombe. Hakulia, hakutukana. Halafu akaniangalia. Shefu akaona, akaniuliza, “Mama Anastasie, uko na neno?” Nilisimama. Nikasema shemeji yangu ni muntu muzuri. Nikakaa.

Walimupa siku tatu za kuondoka. Ninyi mukaondoka siku ya pili, mukiwa na godoro moja na sufuria. Wiki ileile mabati ya nyumba yenu yalitolewa. Sikuwahi kukuandikia hilo.

Sasa habari za Mama. Niliyoyatuma yalikuwa mafupi, kwamba alilala mwezi wa tatu na tulimuzika vizuri. Ni kweli tulimuzika vizuri, waimbaji walikuja wote. Lakini kabla ya hapo alikaa miezi mitano kitandani. Unakumbuka Nyiramahoro, muke wa Bisengimana, alivyokuwa anamuletea kikombe cha maziwa ya Gaju kila asubuhi. Baada ya Gaju hakukuwa na cha kuleta, lakini bado alikuja, mikono mitupu, akakaa naye. Na kila siku Mama aliuliza, “Vestine atakuja lini?” Nilimuambia njia imefungwa. Siku zingine ilikuwa kweli. Siku tatu za mwisho hakunijua tena. Aliniita Vestine, nami niliitika. Nilisema, “Ndiyo, Mama, nimerudi.” Akashika mukono wangu akaubusu, akaniuliza kama nimesikia njaa mu njia.

Mudogo wangu, nimezunguka vya kutosha. Kebo ile ilikuwa yangu.

Straton hakunifundisha. Siku moja tu, tukipumzika kwenye kazi ya uzio, alisimulia namna baba yake alivyokuwa anafunga kitanzi, akaonyesha kwa uzi wa kiatu, akacheka. Mimi niliangalia vidole vyake. Baada ya mianzi kwisha, nilifungua kebo iliyofunga mulango wa mbuzi, nikaenda peke yangu alfajiri kwenye njia ya pongo, nikafunga kama nilivyoona. Nilisema moyoni, mumoja akikamatwa, wengine wataogopa. Ng'ombe sikuwafikiria. Walikuwa hawapiti upande ule. Ni hofu ya risasi njo iliwatawanya siku ile.

Pale kwenye mukutano, niliposimama, neno lilikuwa hapa kwenye meno. Niliwaona wale vijana wa pande mbili. Nikawaza, nikisema ni mimi, Bisengimana atalipwa kwa damu ya Edmond, ao watu wetu watanitetea na damu itakuwa ya watoto wake. Nimejiambia hivyo miaka miwili. Lakini wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, sitakudanganya mara ya pili. Niliogopa pia kwa ajili yangu mwenyewe. Niliogopa kuitwa mwanamuke anayetega kebo, niliogopa kufukuzwa kwenye shamba la Papa. Ninyi mulifukuzwa kwa niaba yangu.

Baada ya kumuzika Mama sikuweza kula. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Bisengimana, nikamukuta anakamua, nikamuambia yote nikiwa nimesimama. Hakugeuka. Alimaliza kukamua, akafunika chombo, ndipo akasema, “Anastasie, mimi najua tangu siku ile. Kebo ilikuwa ya pikipiki ya mutoto wangu. Ni mimi nilikupatia ufungie mbuzi.” Nilimuuliza kwa nini basi alimuacha Straton aondoke. Akanijibu, bila hasira, kwamba kama angenitaja, vijana wake na vijana wetu wangekatana kabla ya jioni. “Straton hakuwa na ukoo hapa,” akasema. “Nilimuchagua yule ambaye kuondoka kwake hakungeleta vita.” Nilitaka kumukasirikia, Vestine. Nilitafuta hasira sikuipata, kwa sababu mimi nilimuchagua muntu huyohuyo.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaojua, na wote wawili tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi kwenye maji.

Nilimuomba twende pamoja kwa shefu kusafisha jina la shemeji. Alikubali. Lakini siku nne baadaye risasi zilisikika upande wa Muheto. Bisengimana na Nyiramahoro wakafukuza ng'ombe waliobaki kuelekea Kirolirwe, sijasikia kama walifika. Shefu naye alikimbia. Kwenye uwanja wake sasa wanakaa wenye silaha, wanaota moto wa viti vya mukutano. Nilifika mpaka kwenye mulango wa uwanja, kijana mumoja akaniuliza ninataka nini. Nikasema nimepotea. Ningemuambia nani mambo ya ng'ombe mumoja na kebo moja? Gustave bado yuko, nilimuambia yeye. Aliniangalia kwa huruma, akasema kufiwa kumenichosha akili, kwamba dada wengi hujitwika makosa ya mashemeji wao. Na hivyo ndivyo watu wanavyosema sasa, kwamba Anastasie ana moyo muzuri. Nimesema ukweli, nao wameugeuza kuwa sifa.

Siwaambii murudi. Njia haiko nzuri, nyumba haina bati. Siombi unisamehe katika barua hii, maana najua wewe ungesamehe haraka kwa sababu ya Mama, na sitaki msamaha wa haraka. Juu ya bahasha nimeandika jina lako peke yako. Kumuambia Straton ao kumuficha, nimekuachia wewe. Ninajua hilo ni kosa lingine ninalokutendea. Nimetafuta njia ya kutolitenda, sikuiona.

Umusalimie Prince, umubusu mudogo wake ambaye sijamuona uso. Edmond anauliza kama huko kuna samaki. Pasta atakaa kwenu siku tano kabla ya kurudi. Kama utakuwa na neno, umupatie. Kama huna, umupatie hata karatasi nyeupe iliyofungwa, nijue ilifika.

Mungu awafunike.

Ni mimi dada yako,
Anastasie