Madoa Mahali Chai Haifiki

Bomet, Jumamosi asubuhi

Mama mpendwa,

Daktari wa wodi ametuambia leo kwamba zile chembe za kugandisha damu ya mwanao Ouma zimeanza kuongezeka. Ufizi umeacha kutoka damu. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua hujalala vizuri tangu tuongee kwa simu. Wewe na Baba mnaendeleaje? Goti lako linavumilia mvua?

Kwa simu ulilia na mimi nikashindwa kueleza. Ouma alikuwa na jipu mgongoni, akapewa dawa ya septrini. Jipu likapona. Vidonge vilipokaribia kuisha, akatokwa na madoa mekundu miguuni, madogo kama vichwa vya pini. Hakuna aliyeshtuka. Anachuma chai karibu na sehemu iliyopogolewa, na vile visiki huchora miguu ya kila mtu. Jirani yangu Mama Faith hata alimtania: "Baba Hawi, chai imekupenda, inakuandikia barua mguuni!"

"Ingenipenda ingejichuma," Ouma akajibu.

Kisha akatema damu akipiga mswaki. Akasema mswaki ni mgumu.

Asubuhi moja ukungu ulifika hadi mlangoni, mashamba yakapotea, sauti za wachumaji zikawa zinatoka mahali pasipoonekana. Nilikuwa namfungia aproni ya plastiki. Shati likapanda, nikaona madoa yaleyale kiunoni na tumboni, pamoja na alama ya zambarau, pana kama andazi. Hakuwa amejigonga popote. Nikabonyeza madoa kwa kidole; hayakufifia.

"Hii si chai," nikamwambia.

"Ni nini basi?"

"Sijui. Lakini chai haipiti kwenye plastiki. Vaa viatu twende."

Daktari aliuliza kwanza amemeza dawa gani. Nikamwonyesha pakiti. Damu ikapimwa, dawa ikasimamishwa. Alisema watu wengi humeza septrini bila neno lolote. Mara chache sana mwili wa mtu huigeukia dawa hiyo na kuziharibu chembe zake wenyewe. Ouma hatakiwi kuimeza tena maishani, na kila anayemtibu lazima aambiwe.

Sasa analala mchana kutwa. Dirisha la wodi lina mvuke, na milima nyuma yake inaonekana kama imechorwa kwa maji. Akiamka huniuliza kama zamu ya kuchuma imeisha, halafu anatabasamu na kulala tena. Mimi hukaa hapo nikisikiliza pumzi yake na mvua, nisijue ipi ni ipi.

Ulisema kesho utamtuma shemeji Onyango amchukue, atibiwe nyumbani. Barua hii naituma leo hii kwa dereva wa matatu ikufikie kabla hajaondoka: naomba asije, Mama. Sikatai kwa kiburi. Daktari alisema chembe bado ni chache, hata kusimama asisimame bila kushikwa. Akigonga kichwa njiani anaweza kuvuja damu ndani, na hakuna atakayeiona. Mwanao anapona. Mwache apone alipolala.

Nisalimie Baba, na dada yetu Akoth anayekusaidia dukani, na shangazi anayetuombea kila Jumapili. Mjukuu wako Hawi yuko kwa Mama Faith, anakula vizuri na anauliza kuku wako wamefika wangapi.

Jumatatu asubuhi damu itapimwa tena. Majibu hutoka kabla ya saa sita, na hapo ndipo daktari ataamua kama Ouma ataruhusiwa kusimama bila kushikwa. Weka simu karibu.

Mke wa mwanao,
Achieng'