Mke Wangu Hunibadilishia Gia, Hajui Kwa Nini

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi ipokee hivyo hivyo, maana leo sina nguvu ya kuchagua salamu. Swali langu ni la gari, lakini nakuomba usiniambie niende kwa fundi, kwa sababu fundi ni mimi mwenyewe, nafungua na kufunga injini za watu tangu ujana wangu, na mke wangu anashona viti vya magari katika karakana hiyo hiyo, yeye dirishani na cherehani yake, mimi kwenye shimo na mafuta yangu machafu. Gari letu tumelijenga wenyewe, la milango miwili, limelala chini, injini ina tabo ya kuiongezea nguvu, tunashindana nalo kwenye mbio za kupanda mlima, na wanaotutambia wengi tumeshawalisha vumbi.

Tangu uchumba tuna mchezo wetu. Usukani uko kulia, mimi nakanyaga klachi, yeye aliyekaa kushoto kwangu anaingiza gia kwa mkono wake wa kulia, wala simtajii namba, anaisikiliza injini tu, na anaijua kuliko mimi, hata magari ya wateja ndiye anayeyapeleka barabarani kuyajaribu. Kwenye mashindano hatukuwa tukifanya hivyo, huko nilibadilisha mwenyewe, ila mwaka jana nikamwambia tufanye hata huko, akafurahi mpaka akanikumbatia mbele ya mafundi, akidhani mapenzi yamerudi upya, kumbe mkono wangu wa kushoto umeanza kufa. Nilikwenda hospitali peke yangu, daktari akasema ni mishipa ya fahamu, akaniambia, "Mzee wangu, ugonjwa huu hatuuponyi, tunauchelewesha tu," na kwamba baada ya mkono utafuata mguu wa upande huo, kisha upande wa pili. Nyumbani nikasema nilikwenda kupima macho.

Juzi tulikuwa tunalijaribu gari, tunateremka, kona iko mbele, nikataka kukanyaga klachi na mguu wa kushoto ukakataa, sikuusikia kabisa, utadhani si wangu, naye ameshasikia injini akaingiza gia ya tatu, chuma kikasagana na meno yakavunjika, gari likayumba tukasimama ukingoni, tairi moja likizunguka juu ya bonde. Kabla sijafungua mdomo akaanza kulia, "Ni mimi, mume wangu, nimewahi, nisamehe, ningetuua." Mshauri, nilinyamaza. Hata kaka yake, shemeji yangu tunayefanya naye kazi, alipomtania kwamba mkono wa cherehani ubaki kwenye cherehani, nilicheka pamoja nao. Tangu siku hiyo akikaa garini anaweka mikono yake chini ya mapaja.

Sasa giaboksi imekufa na lazima tuweke nyingine. Shemeji ameona ya otomatiki mahali fulani, mpya kabisa, anasema, "Acha ushamba, hii inabadilisha haraka kuliko mkono wako na wa dada yangu ukiijumlisha." Kwa hilo hakosei, hata wanaotushinda siku hizi wanatumia hiyo, na mguu wa kushoto sitauhitaji tena, nitaendelea kushindana bila mtu kujua. Lakini mke wangu aliposikia aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitakuwa nashika nini?" Nikikubali otomatiki, atadhani tu kwamba namwadhibu kwa kosa ambalo si lake. Nikirudisha ya mkono, siwezi kuiendesha. Shemeji anataka jibu wiki hii. Nishike ipi?

Mimi, Fundi wa Shimoni.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, shikamoo yako nimeipokea, umri ninao. Pole sana kwa maradhi. Si jambo dogo mtu aliyeishi kwa mikono yake kuambiwa mikono inaondoka, na kama uliogopa, ulikuwa na haki ya kuogopa. Pole yangu inaishia hapo.

Ulimwacha mkeo aombe msamaha kwa mguu wako. Umekaa umemtazama akikunja mikono aliyokupendea nayo, ukacheka na shemeji, halafu ukachukua kalamu kuniuliza habari za giaboksi! Baba, usijitie hamnazo. Otomatiki huitaki kwa sababu ya kasi. Unataka mahali pa kujifichia.

Na hapo penyewe hapafichi. Umeniandikia mwenyewe kwamba upande wa pili utafuata. Otomatiki haina klachi, sawa, lakini breki inayo, na breki unaikanyaga kwa mguu wa kulia. Siku huo nao utakapokataa mtakuwa mlimani, na mkeo atakuwa amekaa pembeni yako, mikono chini ya mapaja, hajui lolote. Tairi moja lilikuwa hewani, Fundi. Unangoja yote manne?

Kwa hiyo hutaendesha tena. Si mlimani tu, hata kwenda dukani. Najua nimekukata maini, lakini ningekubembeleza ningekuwa nakuzika wewe na mwanamke wa watu.

Kesho asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, mwambie, "Gia ya tatu niliivunja mimi. Mguu wangu umekufa, na nilijua." Usianze na mapenzi, usianze na gari, anza na hayo. Kisha rudia maneno hayo hayo mbele ya shemeji, hapo hapo alipomtania, ili kila aliyecheka asikie. Atalia. Huenda akakununia muda mrefu, na kununa kwake ukuvumilie, umekutafuta mwenyewe. Safari ijayo ya hospitali mwende wote, daktari amweleze naye ana kwa ana kitu gani kinakuja. Sitakudanganya kwamba kinachokuja ni kizuri.

Giaboksi wekeni ya mkono.

Usishangae. Ufunguo mpe yeye. Umesema mwenyewe anaisikia injini kuliko wewe, basi akalie usukani. Akikataa, ana haki, liuzeni hilo gari na msinung'unike. Akikubali, wewe zunguka ukakae kushoto, kwenye kile kiti alichokaa miaka yote hiyo. Ukiwa pale, mkono ulio karibu na gia ni wako wa kulia, ambao bado mzima. Akikanyaga klachi, mwingizie. Na siku mkono huo nao utakapochelewa, mwambie kabla hajafika kwenye kona.