Ujumbe wa Wanawake kwa Abu Nayef

Mtaa wa Marj,
Karak.
11 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Suhail,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Sidni? Mkeo na watoto je, hawajambo? Na kile kifua chako kimetulia, au bado unakohoa kama trekta la marehemu baba? Sisi wazima. Goti langu tu halipendi baridi ya mwaka huu, nami sijaliuliza maoni yake.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha uongozi wa kituo cha akina mama. Usishtuke. Watu wa Tafila na Maan wananitaka niwashauri jinsi ya kuanzisha vituo vyao, nami nimekubali. Najua unacheka, unasema dada kahama tena. Cheka tu. Nilishona sare za shule, nikaendesha basi la chekechea, nikakaa mapokezi hospitalini, nikasoma hali ya hewa redioni. Mama alisema sitatulia mpaka nizikwe. Lakini dereva wa chekechea huijua kila nyumba na kila ugomvi wa mji, na aliyekaa mapokezi haogopi mtu anayefoka. Kituo kilipotafuta mkuu nilikuwa nimeiva, na nasema hivyo bila haya.

Shida ilikuwa nani ashike nafasi yangu. Nilimtaka Rihab, msimamizi wa jiko letu. Bila yeye nisingeondoka, maana wengine wangekigeuza kituo baraza la umbea. Rihab ni mjane, anaishi kwa baba mkwe wake, Abu Nayef, na mzee alishaapa kwamba mkamwana wake hatasimama mbele ya watu kutoa amri.

Basi nikakusanya ujumbe, kama wanaume wanavyofanya wakienda kuposa au kupatanisha, ila sisi tulikuwa wanawake watupu. Mtaa mzima ulijaa madirishani. Abu Nayef alitukaribisha kwa adabu, kahawa ikamiminwa, nami nikaiweka finjani yangu sakafuni bila kuionja, ajue nina ombi na sinywi mpaka akubali. Kumbe jirani yetu Umm Rakan alikuwa na kiu ya njiani. Akaigugumia yake yote, akalamba midomo.

"Haya, mwenzenu kashakunywa," mzee akasema, macho yakimcheka. "Basi hamna shida. Karibuni siku nyingine."

"Huyo kaja kunywa tu, ami," nikamwambia. "Mwenye ombi ni mimi, na yangu inapoa."

"Tangu lini wanawake wakaleta ujumbe?"

"Tangu leo. Mtaa mzima umetuona tukiingia. Unataka watuone tukitoka na kiu?"

Alicheka mpaka machozi. "We binti Odeh, ulimi huo ungetosha wanaume wa ukoo mzima! Haya, kunywa. Nimekubali."

Nikanyoosha mkono kwa furaha. Hapo Rihab akatoka jikoni, akaweka finjani yake kando ya yangu, imejaa.

"Mmeelewana vizuri sana," akasema. "Na mimi je? Nina ombi kwako, dada Intisar. Nikikalia kiti chako, usinipigie simu kila asubuhi kuniuliza mlango kafungua nani. Ukinipigia, narudi zangu jikoni."

Suhail, uso uliniwaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee tu, na huyu binti alikuwa ananijua kuliko nilivyodhani. Iliniuma, nikafurahi pia, kwa kuwa nilijua sasa nimechagua sawasawa. Nikamwambia, "Kunywa." Tukanywa pamoja.

Nisalimie Lamia na mapacha. Shangazi Faiza anakusalimu, anauliza utakuja lini kula mansafu kabla hajazeeka, ingawa alishazeeka zamani. Mungu awatunze huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Leo asubuhi kituo kimefunguliwa bila mimi. Nimeishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Mwishowe nikatafuta karatasi, nikakuandikia wewe.

Dada yako akupendaye siku zote,
Intisar