Mafini ya Mkwe Wangu

Jumatatu, 14 Julai
Trei tatu tangu alfajiri. Mbili mafini, vikeki vya vikombe, ya ndizi na mdalasini, moja ya chumvi: nyama ya kusaga, hoho, karoti. Yameumuka kama vilemba. Chang'ombe nzima hakuna wa kunifikia, na mie darasa la saba tu.

Ya chumvi ni ya Idrisa, mkwe wangu. Mwanangu Zuhura kaja jana kutoka kwake Mbweni, jicho limevimba. Nimemwambia arudi, ampelekee mumewe yakiwa ya moto, hasira zitashuka. Mtaa mzima nilishautangazia ndoa ile na nyumba ile ya ghorofa. Kabeba hotipoti, kaondoka.

Jumatano, 16 Julai
Zuhura karudi. Mkono wa kushoto umevunjika. Idrisa kamwaga mafini sakafuni, kamwambia, "Umenishtaki kwa mama yako, halafu unaniletea keki?" Mwanangu kainama kuokota, akamkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia.

Wamemfunga plasta hospitali. Mie ndiye niliyemrudisha. Mie. Nimejizaba kofi mbele ya kioo.

Alhamisi, 17 Julai
Sijaoka. Nimeponda ndizi kwa ngumi, bakuli zima, mpaka zikaruka ukutani. Nilikuwa namponda yeye.

Ijumaa, 18 Julai
Idrisa kaja baada ya swala, kanzu imenyooka, na baba yake mdogo. Wamekuja kumchukua mke.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Natoa trei kwenye oveni. Mzee kule sebuleni ndiyo kwanza anaanza maneno ya suluhu, huyu kashaingia jikoni, kamshika Zuhura mkono uleule wa plasta, anavuta. Mtoto kapiga ukelele sijawahi kuusikia, na mie ndiye niliyemzaa.

Nikampiga na trei usoni. Ya moto. Ngozi ikaungua, nikasikia harufu. Nikampiga tena mdomoni. Jino chini, damu kanzu yote.

"Mama, utaniua!"

"Ndiyo nataka, baba!"

Mzee kamburuta nje. Majirani wamejaa mlangoni. Waone! Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi sana.

Jumapili, 20 Julai
Mzee kaleta talaka. Kasimama nje, hakutaka kuingia. Zuhura kaisoma mwenyewe, kaikunja, kaiweka chini ya godoro. Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumanne, 22 Julai
Nimeoka tena. Zuhura kakaa kwenye kigoda, anakoroga unga kwa mkono mmoja. Nikajisifu: "Una mama simba, mwanangu. Nani atakugusa tena?"

Nikafungua oveni, nikainua trei. Zuhura kajikunja ukutani, kajifunika kichwa kwa mkono ule mzima.

Ananiogopa mie.

Nimeiweka trei chini taratibu. Nimekaa sakafuni, mbali naye kidogo, mikono mapajani aione. Baadaye kashusha mkono.