Mikono ya Taratibu

Bweni la Pili, chumba cha pembeni,
Alhamisi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji naye je? Mgongo wako umepoa, au bado unaubembeleza? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha, na wa kumwambia ni wewe.

Sweta limefika, asante. Linanibana mabegani lakini silivui.

Unamkumbuka Taratibu, mwenzangu wa meza moja maabara, yule ambaye hata chai huikoroga kwa adabu? Wiki iliyopita tulitengeneza dawa ya maumivu, ile nyeupe ya kawaida, kwa kuchanganya unga wa asidi na kimiminika chenye harufu ya siki. Huku mmoja hushika vyombo, mwenzake hupiga hesabu. Yeye akapima, akachuja, akakausha. Mimi nikatafuta zao la nadharia, yaani kiasi cha juu kabisa tunachoweza kupata. Nikapata gramu tisa na nusu. Kwenye mizani zilikuwa mbili na kidogo.

Mwalimu akauliza nyingine zimekwenda wapi. Dada, sikufikiri hata kidogo. Nikasema labda Taratibu amemwaga wakati wa kuchuja. Akaondolewa kwenye vyombo, akapewa kuosha chupa mpaka muhula uishe. Maskini, akanifuata kuniomba radhi kwa kuniharibia.

Jana nikarudia hesabu. Kumbe nilihesabu kwa kile kimiminika chenye harufu ya siki, ambacho kilikuwa tele, badala ya unga wa asidi uliokuwa kiduchu na ndio uliokwisha kwanza. Wewe ukiwa na vikombe ishirini na visahani sita, seti ni sita tu, hata ulie. Tusingeweza kuzidi gramu mbili na nusu na ushei. Kazi ya Taratibu ilikuwa safi kuliko ya darasa zima.

Leo asubuhi nimemwambia mwalimu yote, kisha nikamfuata Taratibu kwenye beseni la kuoshea. Nilitegemea anichambe, na ningestahili. Akanitazama, mikono imejaa povu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo mikono yangu haina tatizo?"

Nikalia. Vyombo amerudishiwa, lakini chupa ya kwanza aliyoiinua, ndogo tu, aliishika kwa mikono miwili. Woga huo nimemtia mimi, Dada, na sijui nitamtoaje.

Msalimie shemeji, na Kibonge mwambie mama mdogo anambusu. Mungu awafunike nyote, nami anipe mdomo mzito.

Akupendaye hata akikosea,
Mdogo wako.