Mawe ya Bi Dama

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeanza alfajiri. Kama kawaida, jirani yangu Bi Dama amekuja na godoro kichwani, wajukuu wawili nyuma yake. "Shikamoo Mwalimu. Mvua imenifukuza tena." Ukuta wake wa upande wa bahari umemomonyoka. Kutoka dirishani naona fito zake, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Sipendi sebule iliyovurugika. Nimechemsha chai ya watu wanne.

Mchana nimesinzia kitini. Nimeiona nyumba yake imesimama juu ya maji, nyeupe, haina mlango. Nimeamka na ladha ya chokaa mdomoni.

Jumatano, 9 Aprili

Kikao barazani kwangu, watu wa msikitini na wa kanisani. Niliwaita saa tatu. Wamefika saa tano. Nimekasirika. Hata hivyo tumekubaliana: udongo huanguka kila masika, basi tumjengee mjane huyu kwa mawe. Wazo ni langu. Jambo likifanywa, lifanywe sawasawa.

Mwishoni Bi Dama akauliza, "Mwenye shamba amekubali?" Nikamwambia hakuna anayekataa jambo jema. Akatazama miguu yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mawe yameshushwa. Matumbawe yaliyokatwa vizuri, meupe. Jua limetoka baada ya mvua na uwanja wote unang'aa hata macho yanauma. Nimesimama pale muda mrefu, nimesahau nililoendea. Fundi Kazungu amechimba msingi na kupanga safu ya kwanza, saruji bado. Wajukuu wanatembea juu ya mawe, mikono wameinyoosha, kama wanaovuka mto.

Furaha nzito, ya kulewesha kama usingizi.

Jumatatu, 14 Aprili

Athman amekuja. Huku kwetu nyumba ni ya Bi Dama, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya kina Athman wa mjini, na kodi ya kiwanja imelipwa tangu mumewe alipokuwa hai. Nilimfundisha Athman akiwa mdogo. Ameniamkia kwa heshima, kisha akakataa kukaa.

"Mwalimu, mpangaji wa kiwanja hujenga kwa udongo. Hapandi mnazi wala haweki jiwe. Wewe umezaliwa hapa, unajua."

Nikasema mama huyu hana pa kulala.

"Najua. Lakini akiweka jiwe, kesho wajukuu wake watasema ardhi ni yao. Nina ndugu sita, watanila mzima! Mawe yaondoke kabla ya Ijumaa. La sivyo, aondoke yeye."

Ninajua. Nimejua maisha yangu yote. Niliitamani nyumba ile nyeupe hata nikasahau inakaa juu ya ardhi ya nani. Nina aibu.

Jumanne, 15 Aprili

Sijala. Bi Dama amefunga vyombo vyake ndani ya leso. Anasema hata mawe yakiondoka, mwenye ardhi hatamtaka tena. Ana dada Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Ataomba pembe ya chumba. Hakunilaumu. Ingekuwa heri angenilaumu.

Alasiri, usingizi tena. Mawe yote yameyeyuka kama chumvi, nasi tunayapapasa kwenye nyasi kwa vidole.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda mjini kwa Athman. Nimekaa barazani kwake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nimeomba jambo moja tu: mawe yakiondoka, Bi Dama abaki na ajenge kwa udongo.

"Udongo hata leo. Mimi sina vita na Bi Dama. Nina vita na mawe yako, Mwalimu."

Mkewe akacheka nyuma ya pazia. Mimi sikucheka mpaka nilipofika njiani.

Jioni nilitaka kutuma watu wa kikao wakaite wajenzi. Kazungu amenizuia. Kazi ya pamoja, mweria, huitwa na mwenye nyumba mwenyewe, mlango kwa mlango, naye ndiye hupikia watu. Sikubishana. Bi Dama amefungua leso yake, ametoa sufuria, kisha akaondoka kwenda kubisha hodi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mimi niliwaita saa tatu wakaja saa tano. Yeye amewaita alfajiri, na alfajiri walikuwa wamejaa uani.

Kwanza mawe. Ukungu ulikuwa chini, sikuona miguu ya watu. Niliona mawe meupe tu, yakielea vichwani kuelekea uani kwangu. Sijui kwa nini nililia.

Kisha fito mpya zikafungwa, wanawake wakateka maji, udongo mwekundu ukakanyagwa. Nilisimama kando na mwavuli. Bi Dama akaniita.

"Mwalimu, udongo haung'ati!"

Nimevua viatu. Ulikuwa vuguvugu, ukanishika vifundo vya miguu. Nilikuwa sijakanyaga udongo wa nyumba tangu utoto.

"Mtazameni," Kazungu akapaza sauti, "anakanyaga kama anayekagua mtihani!"

"Muache," akasema Bi Dama. "Akianguka tutamkandika ukutani, nyumba ipate elimu."

Wamecheka hadi ndoo ikamwagika. Nami nimecheka. Tumekula sima na mchicha wa nazi chini ya makuti, mikono ikiwa bado myekundu kwenye kucha. Athman alipita, akatazama ukuta, akatazama miguu yangu. Akapokea sahani.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua imeanza alfajiri. Nimechemsha chai ya watu wanne. Nimefungua mlango, nikangoja.

Njia ilikuwa tupu. Ng'ambo, moshi ulipenya kwenye makuti polepole, kama nyumba inayovuta pumzi. Ukuta umesimama. Masika ijayo huenda ukahitaji kukandikwa tena. Utakandikwa.

Uani kwangu mawe yamelowa, yamekuwa ya kijivu. Kuku wamelala juu yake.

Sebule imepangika. Sikuipenda. Nimefunika birika kwa kitambaa, nimejitanda leso kichwani, nikavuka nalo.

Nikapiga hodi.

"Karibu Mwalimu," Bi Dama akajibu kutoka ndani. "Mvua imekufukuza?"

Nikasema ndiyo.